Mchungaji John Chilembwe na Upanga

Mara hii tunatazama maisha ya mchungaji John Chilembwe wa Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi.

Alizaliwa Chiradzulu mnamo miaka ya 1870. Mwaka 1892 alianza kumtumikia mmisionari Joseph Booth, na mwaka 1897 wakaenda pamoja Marekani. Huko alisoma chuo cha Biblia cha Wabaptisti weusi, mjini Lynchburg. Mwaka 1900 alirudi akiwa mchungaji, akaanzisha misheni ya Mbombwe. Alijenga shule na kanisa la matofali, akihimiza kazi, usafi na elimu.

Karibu na hapo palikuwa na shamba la Magomero. Wakulima walitumikishwa ili kulipia ardhi waliyokaa, na msimamizi wake, William Jervis Livingstone, alichoma makanisa yao. Vita vya 1914 vilipoanza, Chilembwe aliliandikia gazeti barua ya kulalamika kwamba Waafrika wanafia ugomvi usio wao. Serikali ikaizuia.

Usiku wa tarehe 23 Januari 1915 watu wake walishambulia, wakamwua Livingstone na Wazungu wengine wawili. Aliagiza wanawake wasiumizwe, nao hawakuumizwa. Lakini Jumapili alihubiri huku kichwa cha Livingstone kimetundikwa kanisani. Tarehe 3 Februari alipigwa risasi akikimbilia Msumbiji. Serikali ilibomoa kanisa kwa baruti, na wafuasi wapatao 40 waliuawa. Misheni ilifunguliwa tena mwaka 1926. Malawi humkumbuka kila tarehe 15 Januari.

Waliosoma Warumi 13 walisema ameasi mamlaka ya Mungu. Waliosoma Kutoka walisema amesimama mbele ya Farao. Sisi tuliokimbia bunduki za watu waliobatizwa kama sisi, tunaona mambo mawili. Kwanza, Warumi 13 inamfunga mtawala pia: amewekwa kwa ajili ya mema, kwa hiyo anayechoma kanisa la maskini asijifiche humo. Pili, Musa alipomwua Mmisri kwa mkono wake, hakumkomboa mtu hata mmoja. Alikuwa mkimbizi miaka 40, ndipo Mungu akamtuma na fimbo.

Kilio cha Chilembwe kilikuwa cha haki. Kile kichwa kanisani hatuwezi kukiitikia Amina. Vijana wetu, akija mtu usiku kuwaita mrudi porini, hata akiwa na Biblia mkononi, kumbukeni haya mawili. Bwana awalinde.