Charles de Foucauld, padri mwenye hakupata wafuasi jangwani

Mapadri Weupe walifika kando ya ziwa Tanganyika mwisho wa karne ya 19, kisha Kivu, na leo Wakatolika huku ni wengi sana. Shirika lilelile, lenye lilianzia Alger mwaka 1868, lilifanya kazi Sahara pia. Kule waliobatizwa walikuwa wachache kabisa. Mutu mwenye alionja ile tofauti kuliko wote hakukuwa wa shirika lao, hata kama alifanya kazi chini ya mukubwa wao. Ni Charles de Foucauld.

Alizaliwa Strasbourg mwaka 1858. Hakutimiza miaka 6, baba na mama wamekwisha kufa. Babu yake njo alimulea. Kijana akapoteza imani, akawa ofisa wa jeshi, akatapanya feza ya urizi kwa karamu. Mwaka 1883 alitembea Maroko akijifanya Muyahudi, na kule aliona Waislamu wakisali kila siku bila haya. Ile ilimutikisa. Kwao Mungu alikuwa karibu, kwake hakukuwa kitu. Kurudi Paris akaanza kuingia makanisani, akiomba Mungu ajionyeshe, kama yuko. Ni kisha tu, mwezi wa 10 mwaka 1886, ndipo padri Huvelin alimuungamisha.

Alipewa upadri mwaka 1901. Mwaka 1905 akafika Tamanrasset, kijiji kidogo cha Watuareg, Waislamu. Alingojea wageuke. Hawakugeuka.

Noeli ya 1907 aliipitisha bila misa, juu sheria ya Kanisa ilikataza padri kusoma misa peke yake, na hakukuwa Mukristu mwingine pale. Mvua ilikosa, watu walikuwa na njaa, na yeye alikuwa amegawa chakula chake. Mwezi wa kwanza 1908 akaanguka mugonjwa, karibu kufa. Watuareg wakazunguka kutafuta maziwa ya mbuzi katika ukame ule, wakamunywesha mupaka akapona. Kuna wenye kusema watu hukosa imani juu ya roho ngumu. Wale wa maziwa hawakubatizwa.

Kisha pale ruhusa ya misa ikatoka Roma. Lakini saa nyingi zaidi aliziweka ku kamusi ya lugha ya Watuareg, yenye ilichapwa kisha kufa kwake, mabuku 4.

Hakukuwa malaika. Alipenda utawala wa Ufaransa, aliwapa maofisa wake habari, na ngome alimoishi mwisho iliwekwa bunduki. Tarehe 1/12/1916 wanamugambo walimukamata, na kijana mwenye kumulinda akaogopa, akafyatua risasi.

Alikufa bila mufuasi hata mumoja kando yake. Mashirika yenye kufuata njia yake yalianza 1933, na Papa alimutangaza mutakatifu mwaka 2022. Moussa ag Amastan, mukubwa wa Watuareg wa Hoggar na rafiki yake, alibaki Mwislamu. Kusikia kifo, akaandikia dada ya padri barua ya pole, Ufaransa.