Mfalme Ezana na Sarafu Yake ya Dhahabu

Mvuvi wa Kisiwa Panza ategapo dema lake penye mlango wa mwamba, afanya kazi ambayo baharia mmoja wa Kiyunani aliiandika kitabuni katika karne ya kwanza. Alieleza habari za kisiwa alichokiita Menouthias, chenye vyombo vya kushonwa kwa kamba, na watu wake wakivua kasa, tena wakitega samaki kwa vikapu kati ya miamba. Wataalamu wengine wasema ni Pemba, wengine wasema ni Unguja. Sisi wa huku tuna maoni yetu. Kitabu hicho hicho chataja bandari ya Adulis katika Bahari ya Shamu, na nyuma yake, juu milimani Uhabeshi, mji wa Aksum. Katika karne ya nne mji huo ulitawaliwa na Ezana, na ndiye tunayetaka kumsimulia.

Baba yake alikufa angali mtoto, na mama yake akashika nchi. Nyumbani mwao walikuwamo vijana wawili Wakristo kutoka Tiro, Frumentius na Aedesius. Chombo chao kilikuwa kimetia nanga kutafuta maji, watu wa pwani wakawaua wote waliokuwamo isipokuwa hao wawili, nao wakapelekwa kwa mfalme kuwa watumwa. Aedesius akawa mnyweshaji wake. Frumentius, aliyekuwa na akili ya kalamu, akapewa hesabu na barua za ufalme. Mfalme alipokufa waliachwa huru, lakini malkia akawasihi wasiondoke mpaka mwana akue. Wakakaa. Frumentius akawatafuta wafanya biashara Wakristo waliofika mjini, akawapa mahali pa kusali.

Ezana alipokuwa mtu mzima, Aedesius alirudi kwao Tiro. Frumentius alishuka Iskanderia, akamwomba Askofu Athanasius apeleke mtu wa kulichunga kundi lile. Athanasius hakuona mwingine wa kufaa kuliko yeye mwenyewe aliyeleta ombi, akamweka wakfu kuwa askofu na kumrudisha. Wahabeshi humwita Abba Salama, yaani Baba wa Amani.

Sasa tuje kwenye sarafu. Wafalme wa Aksum walianza kupiga sarafu zao karibu na mwaka 270, za dhahabu, za fedha na za shaba. Zile za dhahabu ziliandikwa Kiyunani, kwa kuwa zilikwenda mikononi mwa wageni. Za Ezana zaonyesha uso wake kati ya masuke mawili ya nafaka, na zile za kwanza zina mwezi mwandamo na duara juu ya kichwa, alama za dini ya kale. Katika mawe aliyoyachonga siku hizo alijiita mwana wa Mahrem, mungu wa vita. Baadaye mwezi ukaondoka, na mahali pake ukaingia msalaba. Mawe yake ya mwisho yamtaja Bwana wa Mbinguni, na moja la Kiyunani lamtaja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Tusimfanye malaika, lakini. Jiwe lile lile la Bwana wa Mbinguni lahesabu Wanuba waliouawa na miji yao iliyochomwa moto.

Sarafu hiyo ya msalaba ilikuwa ndogo, uzito wake gramu moja na nusu au kupita kidogo. Ile ya Kaisari wa Rumi, iitwayo solidus, ilikuwa na gramu 4.5 hivi, ratli moja ya Kirumi ilitoa 72. Kaisari Constantius wa Pili, aliyekuwa na uso wake juu ya solidus hizo, alikuwa Mkristo pia, ila alifuata upande wa Waario, waliokataa kwamba Mwana ni sawa na Baba. Mwezi wa Februari 356 askari wake walivamia kanisa alimokuwa Athanasius akisali na watu wake usiku. Athanasius akatoroka, akajificha kwa watawa wa jangwani, na George akawekwa mahali pake.

Ndipo Kaisari akaandika barua Aksum, kwa Ezana na ndugu yake Sazana. Aliwaita ndugu zake wapendwa, kisha akawataka wampeleke Frumentius Misri mara moja, George amhoji imani yake, kwa sababu aliwekwa wakfu na mtu mwovu. Pima neno hilo. Biashara ya Adulis ilikuwa na Warumi, na dhahabu ya Kaisari ilikuwa mara tatu ya yake. Na aliyetakiwa ni yule aliyemlea na kumshikia daftari za baba yake.

Barua hiyo twaijua kwa kuwa Athanasius mwenyewe aliinakili. Jibu la Ezana halimo, wala hakuna habari kwamba Frumentius aliwahi kupelekwa kwa George. Constantius alikufa kwa homa safarini mwezi wa Novemba 361, na kabla mwaka haujaisha watu wa Iskanderia walikuwa wamemwua George. Athanasius akarudi kitini pake. Msalaba ulibaki juu ya sarafu za Aksum mpaka zilipoacha kupigwa, katika karne ya saba, na Uhabeshi uliendelea kuletewa askofu wake kutoka Misri hadi mwaka 1951, alipowekwa Mhabeshi wa kwanza, Basilios.