Montgomery, aliyefichua homa ya nguruwe ya Afrika
WAFUGAJI wengi hawalijui jina la Robert Eustace Montgomery, daktari wa mifugo kutoka Uingereza aliyefanya kazi Kenya enzi za ukoloni. Nguruwe wa walowezi walipokufa karibu wote, alibaini kuwa kinga dhidi ya homa ya nguruwe ya Ulaya haikuwaokoa. Huu ulikuwa ugonjwa mwingine, na alihusisha ngiri na uenezaji wake. Alichapisha matokeo mwaka 1921.

Alifariki kitambo, lakini kazi yake inaendelea. Sasa inafahamika kuwa virusi hivyo vina jeni zaidi ya 150, nyingine zikizima kinga ya mwili wa nguruwe. Chanjo zilizotengenezwa kwa kuondoa baadhi ya jeni hizo ziliidhinishwa Vietnam mwaka 2023. Kwa mfugaji, somo ni lilelile: fungia nguruwe bandani, mbali na ngiri.