Max Planck, Mtaalamu Asiyekata Tamaa

Max Planck alizaliwa mwaka 1858 mjini Kiel, Ujerumani. Alitaka kusoma fizikia, yaani elimu ya vitu na nguvu zake. Mwalimu mmoja alimshauri aache. Alidhani karibu mambo yote yamekwisha kugunduliwa. Planck hakuacha.

Mhunzi akitia chuma motoni, huwa chekundu. Moto ukizidi, huwa cheupe. Kanuni za zamani zilishindwa kueleza jambo hilo. Mwaka 1900 Planck alipata jibu. Chuma hakitoi nguvu ya mwanga mfululizo, kama maji ya mto. Huitoa kwa mafungu, kama punje za mahindi. Mafungu hayo ni madogo mno, hatuwezi kuyaona. Kwa vitu vikubwa, kanuni za zamani bado zinafaa.

Planck alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1918. Alifariki mwaka 1947. Elimu haina mwisho.