Mtu wa Kwetu: Mwalimu Ronald Gideon Ngala, kutoka Gotani hadi Bungeni



Kila mwaka katika kijitabu hiki cha harambee tunamkumbuka mtu mmoja wa kwetu aliyetutangulia. Mwaka huu tumemchagua Mheshimiwa Ronald Gideon Ngala. Wazee waliomwona akihutubia wanazidi kupungua. Vijana wetu wengi wanalijua jina lake kwa barabara ya Nairobi wanakopandia magari ya Eastlands, au kwa chuo cha utalii kule Vipingo. Si vizuri mtoto wa Kaloleni alijue jina hilo kama kituo cha matatu tu. Kwa hiyo tumeona tuyaeleze maisha yake kwa ufupi, na sababu ya kumweka mbele mwaka huu ambapo tunachangisha karo za watoto.

Kuzaliwa na shule

Ngala alizaliwa Gotani karibu na mwaka 1923. Huko ndiko iliko Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama, ambayo Waingereza waliilipua kwa baruti mwaka 1914 walipokuwa wakiuzima upinzani ulioamshwa na Mekatilili wa Menza. Alipozaliwa, mambo hayo yalikuwa hayajatimiza hata miaka kumi. Watu walikuwa wametozwa faini za mbuzi na fedha, na wengine walikuwa wamefukuzwa mashamba yao ng'ambo ya mto Sabaki. Mzazi wa wakati huo alikuwa na kila sababu ya kukishuku chochote kilichokuja na Mzungu, shule ikiwemo.

Hata hivyo Ngala alisoma. Alianza St. John's Kaloleni, shule ya misheni ya CMS, kisha akaenda shule ya upili ya Alliance kule Kikuyu, na baadaye Makerere, Uganda, ambako alipata diploma ya ualimu. Siku hizo Makerere ndicho kilichokuwa chuo cha juu cha Waafrika wa Afrika Mashariki nzima, na nafasi zilikuwa chache mno. Kwa kijana kutoka bara ya Kilifi, kufika huko kulikuwa safari ndefu kwa kila namna.

Aliporudi hakukimbilia kazi ya ofisi ya serikali. Alifundisha. Alikuwa mwalimu mkuu huko Mbale, Taita, kisha shule ya Buxton, Mombasa. Mwaka 1949 kilichapishwa kitabu chake cha Kiswahili, Nchi na Desturi za Wagiriama, alichoandika akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu. Tunalitaja jambo hili kwa sababu wengi wetu tunamjua Ngala mwanasiasa, wala hatujui kwamba kabla ya kuomba kura hata moja alikuwa ameketi kuandika habari za watu wake ili zisipotee.

Kura ya kwanza

Mnamo Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wawakilishi wao kwenye Baraza la Kutunga Sheria, yaani Legco, kwa mara ya kwanza. Haikuwa kura kama tunayoijua leo. Mtu alipaswa kuwa na sifa fulani za elimu, mapato, mali au utumishi ndipo aandikishwe, na mwenye sifa nyingi aliweza kupewa hadi kura tatu. Wakulima wengi wa kwetu, na akina mama karibu wote, hawakuwa na sauti katika uchaguzi huo. Vyama vya siasa vya nchi nzima navyo vilikuwa vimekatazwa tangu wakati wa Hali ya Hatari, hivyo kila mgombea alijisimamia katika eneo lake.

Ngala alichaguliwa kuiwakilisha Pwani. Walikuwa wanane tu kwa nchi nzima: Tom Mboya wa Nairobi, Oginga Odinga, Masinde Muliro na Lawrence Oguda kutoka Nyanza, Daniel arap Moi wa Bonde la Ufa, Bernard Mate wa Mkoa wa Kati, James Muimi wa Ukambani, na Ngala wa Pwani. Wanane hao walikataa kupokea vyeo vya uwaziri chini ya katiba ya wakati huo, wakidai kwanza viti vya Waafrika viongezwe. Wakaongezewa viti sita.

Mapema mwaka 1960 wajumbe wa Kenya walipoitwa London kwa mkutano wa katiba wa Lancaster House, wajumbe Waafrika walimchagua Ngala awe kiongozi wao, na Mboya akawa katibu. Mwalimu wa Buxton akaketi mbele ya Waziri wa Makoloni akiwasemea Waafrika wote wa Kenya. Mkutano huo ulikubali Waafrika wawe wengi katika Baraza, na kuanzia hapo uhuru ukawa ni suala la lini tu.

KADU na hofu ya kumezwa

Mwezi Mei 1960 chama cha KANU kiliundwa Kiambu. Ngala alichaguliwa mweka hazina na Moi msaidizi wake, ingawa wote wawili hawakuwepo. Hawakuvipokea vyeo hivyo. Mwezi uliofuata, kule Ngong, vyama vya Wakalenjin, Wamaasai, Waluhya wa Muliro, Wasomali na kile cha Pwani alichokiongoza Ngala viliungana vikawa KADU. Ngala akawa rais wa chama.

Jambo lililowakutanisha watu hao ni hofu, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Waliogopa kwamba mkoloni akiondoka, makabila makubwa yangechukua serikali na ardhi, na wadogo wangebaki wapangaji katika nchi yao. Kwetu Pwani neno hilo lilieleweka haraka, kwa kuwa watu wetu walikuwa tayari maskwota kwenye mashamba yenye hati za watu wengine. Dawa ambayo KADU iliitaka ni majimbo: kila eneo liwe na baraza lake, sauti juu ya ardhi yake, na kinga ndani ya katiba.

Hapa inafaa kuwakumbusha wanaolichanganya jambo hili. Ngala hakutaka Pwani itengwe na Kenya. Wakati wa mjadala wa Mwambao, wako waliotaka ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar ubaki kando. Ngala aliwapinga. Alitaka Pwani iwe ndani ya Kenya, ila iwe na meza yake.

Kuongoza serikali

Uchaguzi wa mwaka 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11. Kwa hesabu hiyo KANU ndiyo iliyostahili kuunda serikali, lakini ilikataa kufanya hivyo mpaka Jomo Kenyatta aachiliwe. Gavana Renison hakukubali. KADU, ikiungwa mkono na chama cha Michael Blundell na wengine, ikaingia serikalini, na Ngala akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali pamoja na kushika Wizara ya Elimu. Hicho ndicho kilikuwa cheo cha juu kabisa alichoweza kushika Mwafrika nchini wakati huo, na aliyekishika alikuwa mtoto wa Gotani.

Uamuzi huo ulimletea lawama kubwa. Wapinzani wake walimwita kibaraka aliyekubali serikali Mzee akiwa kizuizini. Waliomtetea walisema kwamba kuwa ndani kulimwezesha kusukuma jambo lenyewe, na kweli Kenyatta aliachiliwa Agosti 1961, serikali hiyo ikiwa madarakani. Pande zote mbili zina la kusema, nasi hatutaki kumfanya mtu wetu malaika.

Mkutano wa pili wa Lancaster House mwaka 1962 ulimpa Ngala alichokipigania: katiba ya majimbo, yenye mabaraza ya mikoa na Seneti. Katika serikali ya mseto iliyofuata, yeye na Kenyatta waliketi pamoja kama mawaziri wa mambo ya katiba.

Kushindwa na kuvunja chama

Uchaguzi wa Mei 1963 ulikuwa wa kura moja kwa kila mtu mzima. Ngala alishinda kiti cha Kilifi Kusini, lakini KANU ilishinda nchi. Kenyatta akawa Waziri Mkuu na Ngala akawa Kiongozi wa Upinzani. Uhuru ulipofika Desemba 12, 1963, mtu wetu alikuwa ng'ambo ya pili ya bunge.

Mwaka uliofuata ulikuwa mgumu. Serikali kuu haikutaka majimbo yasimame, na mabaraza ya mikoa hayakupewa fedha wala nguvu. Wabunge wa KADU walianza kuvuka mmoja mmoja. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alisimama bungeni akatangaza kwamba chama chake kimevunjwa na wote wanajiunga na serikali. Mwezi mmoja baadaye Kenya ikawa Jamhuri, na katiba ya majimbo ikazikwa.

Hadi leo ukikaa na wazee mangweni, utasikia mabishano juu ya siku hiyo. Wako wanaosema alituuza. Wako wanaosema aliokoa nchi isimwage damu, maana wakati huo katika nchi nyingine za Afrika mabishano kama hayo yalikuwa yakiishia kwenye mtutu wa bunduki. Tunachokijua ni kwamba hakuvuka kwa ajili ya cheo cha papo hapo. Moi alipewa Wizara ya Mambo ya Ndani Desemba hiyo hiyo, lakini Ngala alikaa bila wizara hadi mwaka 1966, alipofanywa Waziri wa Vyama vya Ushirika na Huduma za Jamii. Baadaye alihamia Wizara ya Nguvu za Umeme na Mawasiliano. Wapiga kura wake hawakumwacha: mwaka 1969 walimrudisha tena bungeni.

Kifo chake

Desemba 1972 gari lake lilipata ajali huko Konza, katika barabara ya Mombasa kuelekea Nairobi. Alifariki kwa majeraha hayo tarehe 25 Desemba, siku ya Krismasi, kabla ya kufikisha miaka hamsini au akiwa ndiyo kwanza anaikaribia. Maelezo kwamba nyuki waliingia garini hayakuwaridhisha wengi, na minong'ono haijaisha. Pwani nzima ililia. Baadaye mwanawe, Noah Katana Ngala, naye alikwenda bungeni na kuwa waziri.

Alichotuachia

Mwaka 2010 Wakenya walipitisha katiba mpya yenye kaunti 47 na Seneti. Kaunti si majimbo yale yale ya 1963, lakini wazo la kwamba watu wa mbali na Nairobi wapange mambo yao wenyewe ni lile lile alilolibeba mwalimu wa Kaloleni hadi London. Alishindwa mwaka 1964. Wazo lake lilichukua karibu miaka hamsini kurudi, naye hakuwepo kuliona.

Suala la ardhi bado halijakwisha, na wasomaji wetu wengi wanalijua bila kuelezwa. Lakini tukimtazama Ngala tangu mwanzo, tunaona kwamba hakuanza na mkutano wa hadhara. Alianza na darasa la St. John's. Kama wazazi wake wangeamua kwamba shule ni ya watu wengine, Pwani mwaka 1957 ingemtuma nani? Wakati Lancaster House walipokuwa wakijadili nani atakuwa na sauti juu ya ardhi, palihitajika mtu wa kwetu aliyeweza kusoma kila ibara ya rasimu ile na kuijibu. Mtu huyo alikuwepo kwa sababu alikuwa amesomeshwa miaka ishirini kabla.

Sasa tujiulize habari za leo. Kila Januari wako watoto wa kwetu wanaoitwa shule za upili na hawaendi, kwa sababu sare, sanduku na karo ya muhula wa kwanza havikupatikana. Wengine huanza wakarudishwa nyumbani katikati ya muhula, wakaishia kugonga mawe, kugema au kuendesha bodaboda. Kazi hizo si aibu, na wengi wetu tumelelewa kwa jasho hilo. Ila katika watoto hao mmoja angeweza kuwa wakili wa kesi zetu za mashamba, mwingine daktari, mwingine mbunge wa kukumbukwa.

Ndiyo maana fedha za harambee ya mwaka huu zote zinakwenda katika mfuko wa basari. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Mwenye kikubwa alete kikubwa, mwenye mia naye asione haya, maana haba na haba hujaza kibaba. Mlio Mombasa, Nairobi na ng'ambo, kumbukeni kwamba nanyi kuna mtu aliyewalipia.

Mungu amlaze Mwalimu Ngala mahali pema, na awabariki nyote mtakaotoa. Karibuni sana nyumbani.