Padri Tempels na fumbo la nguvu ya uhai

WAKAZI wa mwambao, kutoka Mafia hadi Lamu, huwaita ndugu zao jamaa. Mbali nao, katika miji ya migodi ya Katanga nchini Kongo, neno hilohilo la Kiswahili lilikuwa jina la harakati ya waumini Wakatoliki, iliyoanzishwa na padri wa Kibelgiji aliyetaka kujua uhai ni nini.

Padri huyo ni Placide Tempels, aliyezaliwa Berlaar, Ubelgiji, mwaka 1906. Alipewa upadri mwaka 1930 katika shirika la Wafransisko, na mwaka 1933 akawasili Kongo, wakati huo koloni la nchi yake, kufanya kazi miongoni mwa Waluba.

Ulaya nayo ilikuwa na mjadala wake. Mwaka 1907 mwanafalsafa Mfaransa Henri Bergson alidai kuwa viumbe husukumwa na nguvu ya uhai, lakini wanasayansi wengi waliikataa kwa kuwa haikuweza kupimwa. Tempels hakuitafuta maabara. Katika kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu, kilichochapishwa kwa Kifaransa huko Elisabethville mwaka 1945, alieleza kuwa kwa Waluba kuwapo ni kuwa na nguvu, na kwamba nguvu hiyo huweza kuongezwa au kupunguzwa na wahenga, ndugu na hata maneno.

Kitabu hicho kilimponza. Askofu Jean-Félix de Hemptinne wa Katanga alikipinga, na Tempels alipokwenda kwao mwaka 1946 alikaa huko hadi mwaka 1949. Hata hivyo, mwaka 1958 Mjerumani Janheinz Jahn alikitumia kueleza ushairi, ngoma na uchongaji wa Waafrika. Mshairi Aimé Césaire aliona kinawasifu Waafrika kwa fikra zao huku ukoloni ukiendelea kuwanyonya. Paulin Hountondji wa Benin naye alikataa kuwa umma mzima una falsafa moja isiyo na mwandishi.

Katika miaka ya 1950, karibu na Kolwezi, Tempels aliketi na wachimba madini na wake zao. Katika Jamaa waliitana baba na mama, wakajadili uzima, uzazi na mapendo kwa Kiswahili chao. Nguvu iliyokuwa hoja ya kitabuni ikawa suala la ndoa na malezi.

Tempels alirejea Ubelgiji mwaka 1962 na kufariki dunia mwaka 1977. Kitabu chake kingali kinajadiliwa vyuoni, kikiwa na jina lake peke yake jaladani; Waluba waliomfunza maana ya nguvu hawakutajwa hapo.