Alexander Parkes na Mafuta ya Mbarika

Mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo, ni mmea usiohitaji kubembelezwa. Katika nchi kavu ya Ukambani humea hata kandokando ya njia na majaani. Wanaoupita wakienda soko la Wote ni nadra kujua kwamba mafuta ya mbegu zake yalisaidia kuunda kile kinachohesabiwa kuwa plastiki ya kwanza duniani. Mwenye kazi hiyo alikuwa Mwingereza Alexander Parkes, na maisha yake yanawafaa walimu na wanafunzi wetu.

Parkes alizaliwa mjini Birmingham mnamo Desemba 1813, baba yake akiwa mtengenezaji wa kufuli za shaba. Ujuzi wake aliupata karakanani: kwanza kwa wasubu wa shaba, kisha katika kampuni ya Elkington iliyopaka vyombo fedha kwa nguvu za umeme. Huko alifikia kiwango cha kupaka fedha utando wa buibui. Mwaka 1846 alipata hataza ya kuimarisha mpira pasipo moto, na mwaka 1850 akavumbua njia ya kutenga fedha na risasi kwa kutumia zinki. Alipofariki mwaka 1890 alikuwa na hataza zaidi ya 60.

Sifa yake kuu, hata hivyo, ni ile dutu aliyoiita Parkesine. Aliitia pamba katika asidi ya naitriki, akaiyeyusha, kisha akaichanganya na mafuta ya mbarika na kafuri. Bila mafuta hayo, dutu ile ingekauka na kuvunjika ovyo. Molekuli za mafuta hujipenyeza baina ya minyororo mirefu ya selulosi, nayo ikaweza kuteleza; ndipo kitu kigumu kikakubali kukunjwa na kufinyangwa. Hiyo ndiyo kazi ya kilainishi. Katika Maonyesho ya Kimataifa ya London ya mwaka 1862, Parkesine ilitunukiwa nishani ya shaba.

Lakini rahisi ni ghali. Kampuni aliyoiunda mwaka 1866 ilitaka kuuza kwa bei ya chini, ikatumia malighafi hafifu. Vichana vikapindika, na kufikia 1868 biashara ikaanguka. Aidha, dutu yenyewe ilishika moto upesi. Mmarekani John Wesley Hyatt ndiye aliyefanikiwa na seluloidi, iliyolainishwa kwa kafuri.

Karne ya 20 ilipoingia, viwanda viliiacha mimea vikaegemea petroli. Plastiki ya PVC ikalainishwa kwa kemikali ziitwazo thaleti. Hizi hazifungamani na plastiki. Huvuja polepole, hasa zinapogusana na mafuta. Majaribio juu ya wanyama yalionyesha kuwa baadhi yake huvuruga homoni za uzazi. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya ulianza mwaka 1999 kuzizuia katika vichezeo ambavyo watoto wachanga hutia mdomoni. Sasa wanakemia wamerejea kwenye mafuta ya soya, asidi ya ndimu, na mbarika ule ule wa Parkes, kutafuta vilainishi vilivyo salama zaidi.

Hata hivyo, si kila kitokacho mmeani ni salama. Mbegu ya mbarika ina sumu kali, nayo haina budi kutengwa na mafuta. Na kila kilainishi kipya sharti kipimwe kabla ya kufika kwenye mrija wa mgonjwa au chombo cha mtoto. Lakini mwanafunzi wa Makueni asifundishwe kuwa plastiki ni elimu ya mafuta ya Arabuni na viwanda vya Ulaya pekee, ilhali sehemu ya chanzo chake inaota nyuma ya darasa lake. Kila mmea unastahili kutazamwa na kuulizwa unaweza kufanya nini. Mwalimu akimzoesha mwanafunzi swali hilo, huenda jibu salama zaidi likatoka Wote.